Bisha Kwanza

Ngazi za Jumba la Utamaduni, Kutaisi, ni kumi na saba.
Nilizihesabu kwa macho,
miguu ilishajiuzulu hesabu.

Mvua ya Novemba ilitukuta tumejibanza ukutani,
watu sitini na wanne na mbwa wa Guram,
ambaye peke yake alipanda bila kuuliza
akashuka, akapanda tena, akitushangaa.
Juu ya lango bango: KARIBUNI NYOTE.
Tsiala alimsomea Guram mara tatu
na kila mara walicheka upya
kama watu wanaotekenywa.

Hujafa hujaumbika, huambizana watu wakiniona.
Mimi niliumbika mapema:
saa nne asubuhi, kiwanda cha makopo,
chai haijapoa.

Msimamizi akatoka na mwavuli wa mtu mmoja.
Lifti, akasema, imeagizwa.
Tangu lini?
Akautazama mto Rioni
kana kwamba lifti ingekuja na maji.
Basi vijana watawabeba, akasema, vijana wana nguvu.

Mimi nimebebwa. Kubebwa nakujua:
jasho la mtu usiyemjua shingoni mwako,
sketi inapanda, mkono wake hauna pa kwenda ila hapo,
nawe unasema asante,
asante,
asante,
mpaka neno linaota ukungu mdomoni.
Nikasema, leo sibebwi.
Nyuma yangu viti kumi na vitatu vikafunga breki,
kra, kra, kra,
na hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote za siku ile.

Zviad hasikii, kwa hiyo hakungoja tumalize kubishana.
Alipotea. Akarudi na bisibisi meno yakiiuma,
mgongoni amebeba mlango.
Mlango mzima, na kitasa chake,
na kibao cha shaba ambacho nilikitambua:
kilikuwa cha ofisi ya msimamizi.
BISHA KWANZA.

Upande wa jikoni kulikuwa na ngazi tatu tu.
Miaka yote hiyo, ngazi tatu,
na hakuna aliyewahi kututajia jikoni.
Zviad akaulaza mlango juu yake,
akaukanyaga, akaurukia, akanikonyeza.
Tukabisha.
Tukabisha kwa magurudumu, kwa magongo,
kwa fimbo nyeupe zilizogonga ile shaba, ti, ti,
tukapita katikati ya masufuria na mvuke wa maharage,
na Makvala mpishi, bila kumuuliza mtu,
akatuwekea mapajani mkate wa jibini unaounguza.
Huyo ndiye aliyetufungulia mkutano.

Ukumbini, naibu wa waziri alikuwa amekwisha kuondoka.
Alipigwa picha na viti vitupu.
Walisema alizungumza vizuri.

Guram akasoma kwa vidole, polepole,
juu ya kivuko cha sokoni na mkewe Lamara
aliyevuka akamwacha upande huu.
Hakulia. Kidole kilikwama kwenye nukta moja,
kikarudi nyuma, kikaendelea.
Alipomaliza, nusu ya ukumbi iliinua mikono
ikaitikisa hewani, vidole wazi,
maana ndivyo kina Zviad wanavyoshangilia;
nasi wengine, tuliokuwa na vilio kooni,
tukainua yetu pia.

Guram akasimama pale.
Alichosikia ni mvua.
Akainama kwa mbwa: "Vibaya, eti?"

Tsiala alimwona. Akamgeukia Zviad, mikono ikaruka.
Zviad akapiga buti sakafuni.
Mbao za zamani zile, chini yake patupu.
Akapiga tena, na wenzake wakapiga,
watu ambao hawajawahi kusikia kishindo
wakakitengeneza kwa kukihisi nyayoni,
na kikapanda jukwaani, kikapanda miguu ya meza,
kikaingia kwenye karatasi chini ya vidole vyake.
Mimi nilipiga gurudumu kwa kiganja.
Nyayo zangu hazina habari na sakafu,
lakini meno yalitetemeka.

Guram akacheka kwa sauti ya mvulana.
Mbwa akabweka. Hayo hayakuwemo kwenye ratiba.

Jioni msimamizi akaja jikoni, mwavuli kwapani,
akauliza mlango wake uko wapi,
kwani ofisini upepo unampigia karatasi.

Tukamwambia umeagizwa.